Maana na Asili ya Neno "Wedding"

Neno la Kiingereza "wedding", ambalo leo lina maana ya harusi, halikuanza na sherehe wala na mapenzi, bali lilianza na dhamana. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, "wedd" ilikuwa rehani au ahadi iliyomfunga mtu atimize neno lake, na kitenzi "weddian" kilimaanisha kuweka ahadi ya namna hiyo, hata katika mapatano yasiyohusu ndoa kabisa. Wajerumani wanalo neno la ukoo huohuo, "Wette", ambalo kwao ni dau la watu wanaopinzana.

Jinsi dhamana hiyo ilivyoingia katika posa inaonekana vizuri katika hati fupi ya sheria ya Waanglo-Saksoni, yaani wasemaji wa Kiingereza hicho cha kale, ya karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11, inayoeleza utaratibu wa kuchumbia. Mwanamume aliahidi mbele ya jamaa za binti kwamba atamtunza kwa haki, na rafiki zake wakasimama kuwa wadhamini wake; kisha akataja malipo kwa waliomlea binti, na baada ya hapo akataja atakachompa mwenyewe binti kwa kukubali kuolewa naye, na atakachomwachia iwapo atafiwa na mume. Msomaji anayejua mkaja, ile zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa taabu ya kuzaa na kulea, hatashangazwa na sheria hiyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha neno: lililotangulia ni masharti na mashahidi, na karamu ilifuata baadaye.

Sherehe yenyewe, ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe, ilikuwa na jina lake, "brydhlop", ambalo limekwisha kutoweka, nalo neno la ahadi likachukua nafasi yake polepole. Hata hivyo rehani haikusahaulika. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilimtaka bwana harusi aweke juu ya kitabu pete pamoja na vitu vingine vya dhahabu au fedha, kisha amvishe bibi harusi pete hiyo akitamka kwamba kwayo anamwoa.

Kwa matumizi ya leo, "wedding" ni tukio la harusi, ilhali ndoa yenyewe, yaani hali ya kuishi mume na mke, huitwa "marriage", neno lililotoka Kifaransa, au kwa lugha ya kisheria zaidi "wedlock". Hili la mwisho huwapotosha wengi, hata Waingereza, wakidhani sehemu yake ya pili ni "lock", yaani kufuli. Kumbe sehemu hiyo ni kiambishi cha kale "-lac", kilichounda majina ya vitendo, na "wedlac" ilikuwa tu tendo la kuweka ahadi.