Hukumu Moja, Masikio Mawili

Kila nikifika mada ya viwango vya ushahidi darasani hapa Dodoma, kuna swali ambalo halikosi: O.J. Simpson, yule nyota mweusi wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kumuua aliyekuwa mke wake na rafiki wa mke huyo, aliachiwaje? Vijana wenyewe wengi walizaliwa baada ya kesi ile, lakini wameiona mitandaoni na wameshajipa jibu. Pesa. Alikuwa na mawakili wakubwa, basi.

Jibu hilo linaacha nje jambo ambalo mimi, baada ya kusimama mahakamani kwenye kesi za jinai, naliona ndilo lenye uzito zaidi. Tarehe 3 Oktoba 1995, hukumu ile ilipotangazwa Los Angeles, watu waliokuwa wakitazama televisheni moja walisikia mambo mawili tofauti. Weusi wengi walishangilia. Wazungu wengi walipigwa na butwaa. Ushahidi waliouona ulikuwa ule ule, kwa sababu kesi ilirushwa moja kwa moja kwa miezi. Kilichowatofautisha ni yale ambayo kila upande ulikuwa umeyapitia kabla kesi haijafunguliwa.

Turudi nyuma kidogo. Machi 1991, polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, mtu mweusi, na mkazi wa jirani akarekodi kwa video. Dunia nzima iliona. Kesi ya polisi wanne ikahamishiwa Simi Valley, nje ya jiji, na kwenye juri, yaani raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, hakukuwa na mweusi hata mmoja. Tarehe 29 Aprili 1992 hakuna askari aliyetiwa hatiani. Fujo zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Sasa mchukue mkazi mweusi wa jiji lile, miaka mitatu baadaye, mwambie: waamini polisi hawa hawa, ndio waliookota glavu yenye damu nyumbani kwa Simpson. Atakuangalia tu.

Kwenye juri ya Simpson, weusi walikuwa 9 kati ya 12, na wengi wanaishia hapo: rangi imeamua. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wasiishie hapo, wamtazame shahidi mmoja, mpelelezi Mark Fuhrman. Ndiye aliyeikuta glavu ile. Aliulizwa chini ya kiapo kama katika miaka kumi iliyopita aliwahi kutumia neno la kuwatusi watu weusi, akakana. Zikaja kanda za sauti, na sauti ilikuwa yake, akilitamka neno hilo tena na tena. Mwaka 1996 alitiwa hatiani kwa kiapo cha uongo, bila yeye kulipinga shtaka.

Hapa kwetu Mahakama ya Rufani ilisema kwenye shauri la Goodluck Kyando kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa, isipokuwa ziwepo sababu za msingi za kutomwamini. Kudanganya juu ya kiapo ni sababu ya msingi, tena kubwa. Kwa hiyo mwanajuri aliyeishika shaka ile hakuwa lazima anapendelea rangi yake. Alikuwa na historia iliyomfanya asikie uongo wa Fuhrman kwa sauti kubwa kuliko jirani yake mzungu, ambaye polisi hawajawahi kumsimamisha barabarani bila sababu. Mwaka 1997 Simpson huyo huyo alishindwa kesi ya madai na kuamriwa kulipa dola milioni 33.5, kwa sababu kwenye madai unapima upande upi una uzito zaidi, huhitaji kuondoa shaka kama kwenye jinai. Na miaka 20 baada ya hukumu, kura za maoni zilionyesha kwamba hata weusi wengi sasa walikuwa wakiamini kuwa ndiye aliyeua.

Swali la kama mtu ametenda kosa, na swali la kama waliomshtaki wanaaminika, ni maswali mawili. Umma ukishapoteza imani, unajibu la pili hata pale ulipoulizwa la kwanza.

Jirani zetu Kenya walilipitia hili, na rangi ikiwa katikati kabisa. Tom Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere aliyeongoza walowezi wa kizungu, alimpiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori, Mmasai, mwaka 2005. Kabla ushahidi haujasikilizwa, Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi. Wamasai waliandamana. Mwaka uliofuata Cholmondeley akampiga risasi mtu mwingine mweusi kwenye shamba lake la Soysambu, naye akafa. Safari hii kesi ilisikilizwa, ikaenda karibu miaka mitatu, na Mei 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Adhabu: miezi 8, juu ya muda aliokwisha kukaa mahabusu.

Jaji alitoa sababu zake. Nani alizisikiliza? Watu walikuwa bado wanadai sababu za faili la kwanza, lile ambalo hakuna shahidi aliyehojiwa wala kielelezo kilichopokelewa. Naamini kwa dhati kwamba hata adhabu ingekuwa mara tano ya ile, kelele zingekuwa karibu zile zile.

Sisi Tanzania tunapenda kusema rangi si tatizo letu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini msikilize mtu kijiweni pale Majengo mgeni anapokamatwa. "Huyo hafungwi, atapandishwa ndege usiku." Yalisemwa hayo alipokamatwa Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina, mwaka 2015 kwa meno ya tembo. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimpa miaka 15. Waliokuwa wamebashiri walinyamaza, ila sijasikia hata mmoja akisema imani yake kwa mahakama imepanda.

Mstari mkubwa unaotugawa sisi, hata hivyo, ni sare ya polisi na pesa. Mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam, na washtakiwa wakawa polisi, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia. Nchi nzima ilinung'unika. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao na kumwacha Zombe huru. Ukizisoma hukumu zile, hoja zipo, zimepangwa. Tatizo ni kwamba wakati ule hukumu zetu zilikuwa kwa Kiingereza.

Hilo nimelishuhudia kwa karibu. Nilikuwa kwenye benchi hapa mjini nikisubiri shauri langu, jaji akamaliza kusoma hukumu ya mauaji kwa Kiingereza, kurasa nyingi, kisha mkalimani akasema sentensi moja: mshtakiwa ameachiwa huru. Nje, mama mmoja mwenye khanga ya rambirambi akanishika mkono.

"Baba, kwa hiyo anasema mwanangu hakuuawa?"

"Hapana mama. Anasema ameuawa, lakini ushahidi hautoshi kuonyesha ni huyu aliyemuua. Shahidi alimwona usiku, kwa mbali, na hakueleza mwanga ulikuwa kiasi gani."

Akafikiri. "Sasa mbona hawakusema hivyo mle ndani?"

Ilikuwa imesemwa, kwa lugha ambayo si yake. Mama yule angeweza kuipinga hoja ya mwanga, angeweza hata kuikubali. Alichopewa yeye ni tokeo tupu, na tokeo tupu hujazwa na uvumi. Ndiyo maana naipigia makofi sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nasikitika zaidi juu ya marekebisho ya 2022, yaliyoondoa ulazima wa jaji wa Mahakama Kuu kukaa na washauri wa mahakama. Najua mienendo ya kesi nyingi ilifutwa kwenye rufaa kwa sababu jaji hakuwaeleza washauri vizuri hoja za kisheria, na najua maoni yao hayakumfunga. Lakini walikuwa watu wa mtaani waliokaa karibu na jaji na kuuliza maswali ya mtaani.

Ningeanza kurekebisha kwenye faili linalofungwa kimya kimya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kueleza tu kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Mshtakiwa anaachiwa, anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale, na ndugu wa aliyeuawa hawasikii sababu. Katiba inamtaka DPP azingatie haki, maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu. Basi aseme, mahakamani, kwa Kiswahili, hata kwa sentensi tatu, ni lipi kati ya hayo limemfanya aifunge.