Kusimama dede, na maneno mengine ya malezi yanayonisumbua kutafsiri

Mi kazi yangu ni kutafsiri makaratasi ya malezi ya watoto wadogo kutoka Kiingereza, miongozo ya walimu wa awali, vipeperushi vya kliniki, fomu za wazazi, na kama kuna neno limenikosesha usingizi basi ni "toddler". Kwa Kiingereza linatoka tu bila shida, ni mtoto wa kuanzia mwaka 1 mpaka 3 hivi, yule ameanza kutembea lakini bado anayumba yumba. Kiswahili hatuna neno moja la umri huo. Ukiandika "mtoto mdogo" hata wa miaka 7 yumo, ukiandika "mtoto mchanga" umerudi kwa kichanga.

Nikikwama huwa naangalia wanaotafsiri kwenda Kihispania wamefanyaje, manake kule Marekani wameifanya hii kazi muda mrefu, programu yao ya serikali ya watoto wadogo wa familia za kipato cha chini, Head Start, ipo tangu 1965 na familia nyingi sana zinaongea Kihispania nyumbani. Na kwa hilo neno nao hawana moja linalokubalika kote, wengi wanaandika "niños pequeños", yaani watoto wadogo tu, halafu wanaweka umri pembeni. Nikaona basi hata lugha kubwa hivyo inazunguka.

Lakini sisi tunacho kitu ambacho hakipo kwenye orodha za istilahi, kipo kwa kina mama. Kaa barazani na mama yeyote wa pwani umuulize mtoto amefika wapi, hatakutajia miezi, atakwambia anakaa, anasota, anatambaa, anasimama dede. Dede! Hilo neno linamwonyesha kabisa yule mtoto kaachia ukuta, mikono hewani, miguu inatetemeka. Sasa kwenye fomu moja iliyouliza hatua za mtoto, mi niliandika "anasimama dede" badala ya "anaweza kusimama bila msaada", na walezi tuliowasomea wakaelewa palepale bila kuuliza swali. Tangu hapo sheria yangu ni moja, neno lipite kwanza mdomoni mwa anayelea mtoto, kama hawezi kulisema akiwa amempakata basi bado sijatafsiri.

Na hizo "hatua" zenyewe zina kisa. Kiingereza kinaziita "milestones", mawe ya kuhesabia maili barabarani, Kihispania wanasema "hitos", nalo ni jiwe hilohilo la njiani na kwao limekubali vizuri. Kwetu ukiandika mawe ya maili mzazi atafikiri ni mambo ya TANROADS, wale wakala wa barabara. Hatua inatosha, tena inafaa zaidi kwa mtu anayejifunza kutembea.

Ugumu mkubwa uko kwenye maneno yanayoonekana mepesi. Chukua kucheza. Kila mwongozo wa siku hizi unasema mtoto anajifunza kwa kucheza, tafsiri ya haraka ni "kujifunza kupitia michezo" na imeshaenea mno. Ila mchezo kwetu ni mpira, ni ile hela akina mama wanayochangishana kila wiki, ni igizo la redioni, na kucheza ni pamoja na kucheza ngoma. Kihispania wana "jugar" kwa mtoto na "bailar" kwa ngoma, hawapati huo mgongano. Nimewahi kumsikia baba mmoja kwenye kikao anasema mimi nimelipa ada asome siyo akacheze mpira, na hakuwa mkorofi, alisoma kilichoandikwa. Kwa hiyo sasa naandika "mtoto anajifunza akiwa anacheza", halafu palepale nataja mambo anayoyajua, kujipikilisha na vifuu, kujenga nyumba ya vijiti, kumbeba mdoli mgongoni. Inakuwa ndefu, mhariri analalamika nafasi, lakini mimi ningepunguza picha kuliko kupunguza hapo.

Maendeleo nalo. Tanzania tuna programu ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2021, ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na mi naipenda hiyo "makuzi" kwa sababu inatenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Ukuaji ni kilo na sentimita kwenye kadi ya kliniki, makuzi ni zaidi, ni kuongea, kuhisi, kuelewana na watu. Maendeleo peke yake mtaani ni barabara na maji, au ni ile ripoti ya shule.

Halafu majina ya shule zenyewe, hapa kosa linaweza kumuumiza mtu. Mmexico akisema "kínder" anamaanisha shule ya watoto wa miaka 3 mpaka 6, lakini Marekani neno karibu na hilohilo, "kindergarten", ni ule mwaka wa kwanza wa shule wa mtoto wa miaka 5. Mama akaambiwa na yeye akaelewa kitu kingine kabisa. Kwetu ni vilevile, Tanzania kuna chekechea, kuna darasa la awali ambalo ni mwaka mmoja na liko ndani ya shule ya msingi, Kenya wana nasari na siku hizi PP1 na PP2, Wakongomani wengi wamezoea "maternelle" ya Kifaransa. Fomu ya Marekani ukiitafsiri "chekechea" basi, mkimbizi kutoka Kongo anaweza kufikiri ni mahali pa kumwacha mtoto akienda kazini, kumbe ndo shule imeanza. Pale naandika "mwaka wa kwanza wa shule, miaka 5" na jina la Kiingereza naliacha kama lilivyo ili alitambue akiliona getini.

Kuna rasimu nililetewa nihariri, imetafsiriwa na mashine, ile hali ya mtoto kushikamana na mlezi wake na kujisikia salama, kwa Kiingereza "secure attachment", imeandikwa "kiambatisho salama". Kiambatisho ni faili la kwenye imeili jamani! Kihispania wanasema "apego", neno la watu, lina joto. Sisi tunalo pia, mtoto amemzoea bibi yake, hashikiki akiondoka. Kuzoea, basi, na penye haja ya kitaalamu naongeza "uhusiano wa karibu wenye usalama".

Wiki hii nimekwama kwenye ile hali ya mtu mzima kumsaidia mtoto mwenye hasira arudi kwenye utulivu. Orodha niliyopewa inasema "udhibiti wa pamoja wa hisia", mi naona askari wawili wanamzingira mtoto. Nimeandika "kumbembeleza mpaka atulie". Mhariri kairudisha na alama nyekundu kwamba siyo ya kitaalamu, nimeirudisha tena na maelezo ya nusu ukurasa, nasubiri jibu.