Je, wajua kwa nini gari la zamani la 4x4 halipaswi kuvuta tela kwa magurudumu manne kwenye lami kavu?

Kwa miaka kadhaa niliamini jambo ambalo wamiliki wengi wa magari makubwa ya zamani wanaliamini hadi leo, kwamba ukishafunga tela nyuma ya gari, hatua inayofuata ni kuingiza fowili, yaani kuifanya injini iendeshe magurudumu yote manne, ili mzigo ugawanyike kwa magurudumu manne badala ya kuyalemea mawili ya nyuma. Hoja hiyo inaingia akilini kwa haraka, kwa sababu kila mtu anajua kwamba watu wanne hunyanyua gogo kwa urahisi kuliko wawili. Hata hivyo, kwenye lami kavu hoja hiyo si sahihi, na kwa aina fulani ya magari ni njia ya uhakika ya kuchosha giaboksi, propela shafti (vyuma virefu vinavyopeleka mzunguko kwenye ekseli) na matairi kwa wakati mmoja.

Aina ninayoizungumzia ni ile ambayo fowili yake huingizwa kwa mkono pale inapohitajika tu. Gari la namna hii kwa kawaida huwa na kijiti cha pili chenye alama 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, kwa mwendo wa kawaida) na 4L (manne, kwa gia nzito za polepole). Magari mengine makubwa ya zamani hayako hivyo: Range Rover iliyotoka mwaka 1970 iliendeshwa kwa magurudumu manne wakati wote, kwa sababu ilikuwa na difu ya tatu (gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 ilifuata mpango huohuo. Tofauti hiyo moja, ya kuwapo au kukosekana kwa difu ya kati, ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata hapa.

Tuanze na kosa lenyewe, kwa maana lina mizizi mirefu. Fowili haiongezi nguvu ya gari. Injini ni ileile, torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni ileile, na mlima unaolemea gari lenye tela katika 2H utalilemea vilevile katika 4H. Kinachoongezeka ni idadi ya matairi yanayoweza kusukuma ardhi, na hilo lina faida pale tu ambapo matairi mawili ya nyuma yanashindwa kushika. Kwenye lami kavu, gari zito la tani 2 na zaidi, ambalo juu ya hilo linabanwa chini na uzito wa tela kwenye ndoano, karibu kamwe halikosi mshiko wa magurudumu ya nyuma. Wapo pia wanaoamini kwamba fowili huzuia tela lisiyumbeyumbe barabarani. Kuyumba huko hutokana zaidi na mwendo na jinsi mzigo ulivyopangwa ndani ya tela, hasa unapowekwa nyuma ya ekseli yake, na kijiti cha fowili hakiwezi kuuhamisha mzigo huo.

Sasa tuje kwenye kona, mahali ambapo jambo lenyewe hutokea. Yeyote aliyewahi kuvuta tela anajua kwamba tela hukata kona: gari likipita katikati ya njia, magurudumu ya tela hupita ndani zaidi na kupanda ukingo. Magurudumu ya nyuma ya gari lenyewe hufanya hivyohivyo kwa magurudumu ya mbele, isipokuwa kwa kiasi kidogo ambacho dereva hakioni. Yale ya mbele huzunguka kwenye duara kubwa, ya nyuma kwenye duara dogo. Chukua umbali wa mita 2.85 kati ya ekseli mbili, ambacho ni kipimo cha Toyota Land Cruiser 80, na kona kali ambayo ekseli ya nyuma inaipita kwa nusu kipenyo cha mita 5. Ekseli ya mbele itaipita kona hiyo kwa nusu kipenyo cha karibu mita 5.76. Katika robo ya duara, yaani kugeuka kutoka barabara moja kuingia nyingine, ya mbele itakuwa imesafiri karibu mita 1.2 zaidi ya ile ya nyuma. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.5, hiyo ni karibu nusu ya mzunguko wa gurudumu, na kwa kuwa propela shafti huzunguka takriban mara 4 kila gurudumu linapozunguka mara moja, tofauti inayotakiwa kati ya shafti ya mbele na ya nyuma ni karibu mizunguko 2 kamili. Kona moja tu!

Difu ya kati ingeimeza tofauti hiyo bila mtu kuhisi chochote. Ikikosekana, shafti hizo mbili zimefungwa pamoja na zinalazimika kuzunguka sawasawa. Fikiria unakamua nguo iliyolowa: mkono mmoja ukizunguka zaidi ya mwingine, nguo hujisokota, na kadiri tofauti inavyokua ndivyo inavyokaza. Shafti, meno ya gia na krosi zake (viungo vya shafti) ndiyo nguo hiyo, na magurudumu ya mbele na ya nyuma ndiyo mikono. Kwenye tope au mchanga, mkono mmoja hulegea kabla nguo haijakaza, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na msokoto ukafunguka. Lami kavu hailegezi mkono. Tairi hung'ang'ania mpaka lishindwe, kisha huruka kwa mkwaruzo na kulia, na katika muda huo wote msokoto umekaa ndani ya vyuma. Injini nayo inalipia kazi hiyo kwa mafuta, bila tela kusogea hata sentimita moja zaidi.

Tela lenyewe huzidisha hali. Ndoano iko nyuma ya ekseli ya nyuma, hivyo uzito unaoikalia hufanya kazi kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya pembea ya ubao: unashusha nyuma na kuinua mbele. Ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya gari tulilolipima, kilo 100 zilizokaa juu yake huongeza kilo 142 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza kilo 42 kwenye ya mbele. Matairi ya nyuma yanashika zaidi, kwa hiyo yanayolazimika kuteleza ni yale ya mbele, ambayo ndiyo yanayogeuza gari. Ndiyo maana usukani huwa mzito na gari hutaka kwenda moja kwa moja.

Mimi nililielewa hilo nilipokuwa nikirudisha tela la mashua nyuma kwenye uwanja wa lami, nikiwa katika 4L kwa sababu nilitaka mwendo wa polepole. Usukani ulikuwa umekatwa hadi mwisho. Tairi la mbele lilitoa mlio mfupi mara tatu, gari likasimama kana kwamba breki zimeshikwa, na nilipotaka kurudi 2H kijiti hakikutoka. Hakuna kilichovunjika. Nilinyoosha usukani, nikasogea moja kwa moja mita chache mbele kisha nyuma, na kijiti kikatoka chenyewe kwa mshtuko mdogo uliosikika chini ya sakafu: msokoto ulikuwa umefunguka.

Isieleweke kwamba kona moja huvunja shafti. Vyuma hivyo ni vinene, na kwenye changarawe au majani mabichi tatizo halipo, wala hakuna sababu ya kuogopa kuingiza 4H unapopandisha tela kutoka ufukweni, kazi ambayo fowili inaifanya vizuri kuliko kifaa kingine chochote. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa 4L kwenye lami, na hapo hata wenye difu ya kati hawako salama wote, kwa maana Land Cruiser 80 katika matoleo yake mengi huifunga difu hiyo yenyewe kijiti kinapoingizwa L.

Na msokoto hauhitaji kona kila mara. Tairi jipya lenye nusu kipenyo cha milimita 390 likifungwa nyuma, na la mbele likiwa limelika milimita 8, tofauti ni karibu asilimia 2. Kwa barabara iliyonyooka kama uzi, kila kilomita 1 katika 4H huzidai shafti hizo mita 20 za kuteleza.