Nafuu ya kodi ya magari ya umeme Marekani, na kwa nini mahasimu walijikuta upande mmoja

Katika maandishi mengi ya Kiswahili kuhusu Marekani utakuta dola 7,500 alizopunguziwa mnunuzi wa gari la umeme hadi 2025 zikiitwa "mkopo wa kodi", tafsiri ya "tax credit". Jina hilo linapotosha. Hakuna aliyekopeshwa, na hakuna cha kurudisha. Ni nafuu ya kodi: serikali ilipunguza kodi yenyewe aliyodaiwa mnunuzi, baada ya kuwa imekwisha kukokotolewa. Mwajiriwa wa Kenya anaifahamu nafuu ya namna hii, maana ile nafuu ya binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi hutolewa kwenye kodi ya mshahara wake, si kwenye mshahara. Tofauti ni kubwa. Mtu anayetozwa asilimia 22 akipunguziwa dola 7,500 kwenye kipato, anaokoa dola 1,650. Akipunguziwa dola hizohizo kwenye kodi, anaokoa zote 7,500.

Ila nafuu hii haikuweza kuzidi kodi ya mtu. Aliyekuwa na kodi ya dola 4,300 kwa mwaka mzima alipata 4,300. Zile 3,200 zilizobaki zilipotea, wala hazikusogezwa mwaka unaofuata. Hapa watu wengi waliteleza kwa namna mbili. Wapo walioona hawadaiwi kitu mwezi Aprili, wakati wa kujaza fomu za kodi, wakadhani hawana kodi ya kupunguziwa, kumbe mwajiri alikuwa akiikata kwenye kila mshahara. Na wapo walioona wanarudishiwa hela nyingi wakadhani watapata 7,500 kamili, kumbe kodi yao ya mwaka ilikuwa ndogo. Kinachoangaliwa ni kodi ya mwaka mzima kabla ya kutoa kile ambacho mwajiri ameshakikata.

Sheria yenyewe ilipitishwa 2008 na kurekebishwa 2009. Kiasi cha nafuu kilifuata ukubwa wa betri: dola 2,500 za kuanzia, nyongeza ya dola 417 betri ikifika kilowati-saa 5, na dola 417 nyingine kwa kila kilowati-saa ya ziada, mpaka ukomo wa 7,500. Piga hesabu utaona kwamba ukomo unafikiwa kwenye kilowati-saa 16. Betri ya Chevrolet Volt ya kwanza, gari la General Motors, ilikuwa ya kilowati-saa 16.

Jambo lililozua mvutano wa miaka mingi ni hili: nafuu ilikwenda kwa mnunuzi, lakini hesabu iliwekwa kwa mtengenezaji. Kila kampuni ilipangiwa magari 200,000 yaliyouzwa kwa matumizi ya Marekani, kuanzia 2010. Likishauzwa la 200,000, nafuu haikukatika palepale. Robo hiyo ya mwaka iliisha kwa nafuu kamili, na robo iliyofuata pia. Kisha miezi sita ya nusu, dola 3,750. Kisha miezi sita mingine ya dola 1,875. Kisha basi. Na katika miezi hiyo ya kufunga dimba hapakuwa na hesabu tena: kampuni ingeweza kuuza magari mengi kadiri ya uwezo wa kiwanda chake, na wanunuzi wote wakapata nafuu ya kipindi hicho.

Ndiyo maana tarehe ya kuvuka ilikuwa na uzito. Gari la 200,000 likikabidhiwa kwa mteja 30 Juni, nafuu kamili inaisha 30 Septemba. Likikabidhiwa 1 Julai, inaisha 31 Desemba. Siku moja inanunua miezi mitatu. Tesla ilivuka Julai 2018, hivyo wateja wake walipata 7,500 hadi mwisho wa mwaka ule. Mwaka 2019 ulipoanza nafuu ikashuka kuwa 3,750, na tarehe 2 Januari kampuni ikapunguza bei za Model S, Model X na Model 3 kwa dola 2,000 kila moja, yaani ikabeba yenyewe zaidi ya nusu ya kilichopungua. Kufikia Januari 2020 mteja wa Tesla hakupata kitu kwa serikali kuu. General Motors ilivuka robo ya mwisho ya 2018, na nafuu yake ikaisha kabisa mwishoni mwa Machi 2020.

Sasa fikiria hali ya duka la magari mwaka huo. Upande mmoja kuna Chevrolet Bolt, upande wa pili Nissan Leaf. Serikali inampa mnunuzi wa Leaf dola 7,500, na wa Bolt hapati hata senti, kwa sababu General Motors iliuza magari ya umeme mengi zaidi. Kampuni iliyouza taratibu ndiyo iliyobaki na akiba. Nia ya kikomo ilikuwa kuwasaidia wote waanze, kisha soko lijiendeshe. Lakini kiliadhibu utangulizi, na hilo nadhani ndilo kosa kubwa la sheria ile. Kikomo kimoja kwa soko zima, au tarehe moja ya mwisho kwa wote, kingeepusha hayo.

Kosa hilo ndilo lililowakutanisha mahasimu. Mwaka 2018 General Motors na Tesla, ambazo hazikuwa na mapenzi yoyote sokoni, ziliingia pamoja kwenye muungano wa kushawishi Bunge liondoe kikomo. Nissan, ambayo haikuwa imevuka, nayo ilijiunga. Juni 2022 wakuu wa General Motors, Ford, Stellantis (mmiliki wa Chrysler) na Toyota ya Amerika Kaskazini walitia saini barua moja kwa viongozi wa Bunge wakiomba hilohilo. Ford na Stellantis zilikuwa bado na nafasi kwenye hesabu zao, lakini ziliona zamu yao inakuja. Toyota ilivuka robo ileile barua ilipoandikwa.

Hii ndiyo sura ya nia njema kati ya watengenezaji wa magari, na kuieleza hivi si kuidharau. Mwaka 2008 Alan Mulally, aliyekuwa mkuu wa Ford, alikwenda mbele ya Bunge kuunga mkono mikopo ya kuziokoa General Motors na Chrysler, wakati Ford haikuchukua mikopo hiyo. Sababu aliieleza waziwazi: watatu hao walinunua vipuri kwa viwanda vilevile. General Motors ikianguka ghafla, mtengenezaji wa viti au wa breki anaanguka nayo, na wiki chache baadaye mstari wa kuunganisha magari wa Ford unasimama kwa kukosa kipande kimoja.

Hali ni hiyohiyo kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Mwaka 1959 Volvo ilitoa mkanda wa kiti wenye ncha tatu, kazi ya mhandisi wake Nils Bohlin, na ikawaachia wengine wautumie bila malipo. Juni 2014 Tesla ilitangaza kwamba haitamshtaki yeyote anayetumia hataza zake kwa nia njema. Wengi husoma sentensi hiyo na kuishia hapo. Kampuni imeeleza maana ya "nia njema": mtumiaji asiishtaki Tesla wala kampuni nyingine juu ya teknolojia ya magari ya umeme, asipinge hataza za Tesla, na asiuze bidhaa ya kuiga. Anayeingia humo anaacha silaha zake mlangoni. Zawadi ipo kweli, ila ina masharti, na mwanasheria wa kampuni kubwa atayapima kabla ya kuigusa.

Turudi kwenye kodi, maana umoja haukudumu kila siku. Mwaka 2021 muswada uliofikishwa Bungeni ulipendekeza dola 4,500 za ziada kwa gari lililounganishwa na wafanyakazi wenye chama. General Motors, Ford na Stellantis zina mikataba na UAW, chama cha wafanyakazi wa magari. Tesla haina, wala viwanda vya Toyota na Honda nchini humo. Tesla, Toyota na Honda zilipinga kwa nguvu. Pendekezo hilo lilianguka.

Sheria iliyopitishwa hatimaye, na kutiwa saini 16 Agosti 2022, ilifuta kikomo cha 200,000 kuanzia Januari 2023, na Tesla na General Motors zikarudi mchezoni. Lakini mahali pa ukuta mmoja pakajengwa kuta kadhaa. Gari liwe limeunganishwa Amerika Kaskazini. Kipato cha mnunuzi kisizidi dola 150,000, au 300,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Kuanzia 18 Aprili 2023 nafuu ikagawanywa vipande viwili vya 3,750, kimoja kwa asili ya madini ya betri na kingine kwa asili ya sehemu zake. Na bei iliyotangazwa na kiwanda isizidi 55,000 kwa gari dogo, au 80,000 kwa gari la juu (SUV), pikapu na van.

Ukuta huo wa bei ulionyesha haraka jinsi kodi inavyosukuma ushindani. Model Y ya viti vitano iliwekwa kundi la magari madogo, nayo iliuzwa dola 65,990. Tarehe 13 Januari 2023 Tesla ikaishusha hadi 52,990, chini ya mstari. Tarehe 30 mwezi huohuo Ford ikapunguza bei za Mustang Mach-E, mshindani wake wa moja kwa moja. Siku nne baadaye Wizara ya Fedha ikabadilisha kipimo cha makundi, na magari yote mawili yakahamia kwenye ukomo wa 80,000. Bodi ilikuwa ileile, magurudumu yaleyale.

Kuna "krediti" nyingine ambayo watu huichanganya na hii. Kwa miaka mingi California na majimbo yaliyofuata kanuni zake yaliitaka kila kampuni kubwa iuze kiwango fulani cha magari yasiyotoa moshi. Iliyozidisha ilipata alama, na iliweza kuziuza kwa iliyopungukiwa. Alama hizo ziliuzwa na kampuni kwa kampuni. Hazimhusu mnunuzi wa gari wala fomu yake ya kodi. Mwaka 2024 Tesla iliingiza takriban dola bilioni 2.76 kwa kuuza alama za aina hii katika nchi mbalimbali, fedha zilizotoka mifukoni mwa washindani wake.

Nafuu ya mnunuzi yenyewe imefungwa. Sheria ya 4 Julai 2025 iliikomesha kwa magari yaliyopatikana baada ya 30 Septemba 2025. "Kupatikana" hapa ni kuwa na mkataba wa maandishi unaowabana wote na kuwa umelipa chochote, hata amana, kufikia tarehe hiyo. Aliyetimiza hayo na kukabidhiwa gari mwezi Novemba bado ana haki ya kudai, kwa Fomu 8936, akiwa na namba ya utambulisho wa gari. Kinachokwamisha madai mengi ni muuzaji: alitakiwa kutuma taarifa ya mauzo kwa mamlaka ya kodi, IRS, kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na kumpa mnunuzi nakala. Taarifa isipokuwepo, dai hukataliwa hata kama gari na kipato vinakidhi. Na aliyemwachia muuzaji nafuu ili bei ishuke papo hapo, njia iliyofunguliwa Januari 2024, anapaswa kujaza Fomu 8936 vilevile. Kwake ule ukomo wa kodi ya mwaka haukutumika: hata kodi yake ikiwa ndogo kuliko nafuu, hadaiwi kurudisha tofauti. Akiwa amevuka ukomo wa kipato katika mwaka wa kukabidhiwa gari na pia mwaka uliotangulia, anadaiwa zote.