Waifai imejaa, intaneti hakuna: tunavyoikosea ruta ya nyumbani

"Waifai imejaa kabisa, mbona WhatsApp haifunguki?" Karibu kila nyumba yenye ruta imewahi kuuliza hivyo, kwa sababu tunadhani waifai ndiyo intaneti. Vile vistari kwenye simu vinapima mawimbi kati ya simu na ruta tu. Wachimba mtaro wakikata waya wa faiba huko barabarani, vistari vitabaki vimejaa, na printa ya sebuleni itaendelea kuchapa kama kawaida.

Ruta ina upande wa nje na upande wa ndani, na ukiigeuza utauona mpaka wenyewe. Tundu moja, mara nyingi la rangi ya peke yake, limeandikwa WAN au Internet: huo ndio upande wa nje. Mengine ni LAN, upande wa ndani. Wengi huona yote ni yaleyale maadamu plagi inaingia. Waya unaotoka kwenye kiboksi cha faiba mahali pake ni WAN. Ukiuchomeka LAN, kompyuta inaweza kupewa anwani (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) kama 192.168.1.5 na bado isifike popote. Anwani za 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, kwa hiyo kuwa nayo si ushahidi kwamba umetoka nje. Ukiona inayoanza na 169.254, basi hata ruta yenyewe haijakujibu.

Halafu kuna ushauri wa "ikikwama, bonyeza RESET". Huo uliniponza. Ijumaa moja jioni nilichukua pini ya mtandio wa mke wangu, nikaishikilia kwenye kile kitundu sekunde kumi hivi, nikafuta jina na nywila ya PPPoE, yaani zile ambazo ruta hujitambulisha nazo kwa kampuni ya intaneti, nilizowekewa na fundi. Tulikaa bila intaneti hadi Jumatatu. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. RESET hurudisha ruta ilivyotoka kiwandani.

Na kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) hakishushi megabaiti 20 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8: ni megabaiti 2.5. Masafa ya waifai ya 5 GHz nayo yana kasi, lakini ukuta wa tofali huyachosha upesi. Chumba cha uani kiachie 2.4 GHz.

Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta si ile ya waifai. Kwa kawaida zote mbili zimebandikwa chini ya ruta. Kipige picha kibandiko hicho kabla fundi hajaitundika ukutani.