Kihatarishi ni nini? Tukitazame kupitia chunusi za vijana

Mpwa wangu ana miaka 15. Likizo iliyopita alikuja na vipele vimejipanga kwenye paji la uso, vinafuata mstari wa nywele, mashavu safi kabisa. Bibi yake akasema damu imechafuka. Jirani akasema ni ujana, utaisha. Mimi nikamwomba anionyeshe anachopaka kichwani. Akaleta kopo la mafuta mazito, anayapaka kila asubuhi katikati ya mistari ya nywele, na ikifika saa nne jua limeshayayeyusha, yanateremka usoni.

Mafuta yale ndiyo watu wa afya wanayoita kihatarishi: kitu, tabia au hali inayoongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa. Kisababishi ni habari nyingine. Wapo wanaopaka mafuta hayohayo wasiote hata kipele kimoja, na wapo wasiopaka kitu wakajaa uso mzima.

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo. Mtoto akibalehe, homoni huziamsha tezi za mafuta. Seli zilizokufa zinaziba tundu, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanaongezeka mle ndani, na mwili unajibu kwa uvimbe na usaha. Kwa hiyo kihatarishi cha kwanza ni umri wenyewe. Kingine ni kurithi: utafiti wa mapacha wa Uingereza uliotoka mwaka 2002 ulikadiria kwamba asilimia 81 ya tofauti kati ya watu katika kuota chunusi inatokana na vinasaba. Kijana anayeambiwa hanawi uso vizuri anaonewa.

Vipi kuhusu asili ya mtu? Hapa ndipo naomba tuwe waangalifu. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa wanawake na wasichana karibu 2,900, wa miaka 10 hadi 70, katika miji ya Los Angeles, London, Roma na Akita. Waliokutwa na chunusi walikuwa asilimia 37 ya Wamarekani weusi, 32 ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 30 ya Waasia, 24 ya wazungu na 23 ya Wahindi. Ni rahisi kuzisoma namba hizo ukasema weusi ndio kihatarishi.

Sasa tazama kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Watu wake ni weusi. Mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba waliwakagua wakazi 1,200, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, wasione chunusi hata moja. Chakula chao ni viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi, mlo ambao mtu wa Pemba angeuzoea siku hiyohiyo. Peke yake hilo halithibitishi kwamba chakula ndicho kinawakinga, maana hata vinasaba vyao ni vyao. Lakini jaribio dogo la Australia, 2007, liliwapa vijana wa kiume mlo usiopandisha sukari ya damu kwa kasi kwa wiki 12, na chunusi zao zikapungua kuliko za wenzao waliokula vyakula vya wanga mwingi bila kujali kasi hiyo. Asili ya mtu, basi, imebeba mambo mengi ndani yake: vinasaba, chakula, mafuta ya nywele, hata mji anaoishi.

Kuna jambo moja ambalo rangi ya ngozi inalibadilisha kweli, nalo ni doa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kipele hauonekani sana. Kipele kikipona kinaacha alama nyeusi inayokaa miezi. Msichana anaichukia alama kuliko kipele, anatafuta mkorogo wa kuifuta, na ndani ya mkorogo mara nyingi mna steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli. Wiki za mwanzo uso unang'aa. Baadaye vinatoka vipele vya steroidi, vingi na vya ukubwa mmoja, ngozi inakuwa nyembamba, na akijaribu kuacha uso unawaka. Hicho ni kihatarishi alichokinunua dukani akitafuta dawa.

Mpwa wangu sasa anapaka mafuta kidogo, kwenye ncha za nywele tu, na jioni anaosha paji la uso. Baada ya miezi miwili vipele vimepungua sana. Madoa mawili bado yapo juu ya nyusi, na tumekubaliana hayaguswi kwa krimu yoyote mpaka aonwe na daktari wa ngozi.