Nani Ashike, Nani Ale, na Mpaka Lini: Kusoma Wosia wa Kiingereza wa Karne ya 19

Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, kama tulivyo wengi tuliolelewa pwani, akikabidhiwa wosia wa Kiingereza wa karne ya 19 huanza kwa kutafuta mafungu. Anatafuta thumni (sehemu moja ya nane) ya mjane, sudusi (sehemu moja ya sita) ya mama, na mtoto wa kiume aliyepewa mara mbili ya dada yake, wala hayaoni. Anachokutana nacho ni sentensi moja inayojaza kurasa, aghalabu bila nukta wala mkato, ambamo mali ile ile inaonekana kupewa watu watatu kwa zamu.

Mwanzoni mwa kazi yangu ya kusoma hati za kale nilianguka katika mtego huo. Nilisoma ukurasa wa kwanza wa wosia wa mfanyabiashara mmoja, nikaandika daftarini kwamba mjane wake alirithi kila kitu, kisha nikaendelea na hati nyingine. Nilipolazimika kuurudia wosia ule baadaye, niligundua kwamba mjane hakumiliki hata kiti alichokalia. Alipewa ruhusa ya kukaa katika nyumba na kutumia mapato ya fedha zilizowekezwa, mpaka afe au aolewe tena, na mali yenyewe ilikuwa mikononi mwa wanaume wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitunza kwa ajili ya watoto. Tangu hapo nimekuwa nikiusoma kila wosia wa aina hii kwa maswali matatu: nani anaishika mali, nani anakula tunda lake, na mpaka lini. Swali la mafungu huja mwisho, na mara nyingi jibu lake ni jepesi.

Kwanza lazima ieleweke kwamba sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimwachia mtu uhuru ambao kadhi angeushangaa. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki thuluthi ya mali, na mrithi mwenye fungu lake hausiwi zaidi ya hapo bila ridhaa ya warithi wenzake. Mwingereza wa karne ya 19 aliweza kuwanyima watoto wake wote na kumpa jirani, na hakuna mahakama ambayo ingemrekebisha kwa sababu hiyo peke yake. Ni mwaka 1938 ndipo Bunge lilipowaruhusu wategemezi wa marehemu kuomba matunzo kutoka katika mali yake. Hata fungu la kale la mjane, yaani thuluthi ya ardhi ya mumewe kwa muda wa uhai wake, lilidhoofishwa na sheria ya mwaka 1833, ambayo ilimwezesha mume kulifuta kwa maneno machache katika hati.

Uhuru huo ulikuwa na maana kubwa kwa sababu njia ya asiyeacha wosia ilikuwa na panda mbili. Mali inayohamishika, kama fedha, bidhaa, mifugo na samani, iligawanywa kwa sheria ya mwaka 1670: thuluthi moja kwa mjane na thuluthi mbili kwa watoto wote kwa usawa, wa kike na wa kiume. Ardhi na nyumba zilifuata njia nyingine kabisa, zikimwendea mwana mkubwa wa kiume peke yake, na utaratibu huo ulidumu mpaka mwisho wa mwaka 1925. Ziko sehemu zilizokuwa na mila zao. Katika jimbo la Kent ardhi ilichukuliwa kuwa ya kugawanywa sawa kwa wana wote wa kiume, isipokuwa pale ilipothibitishwa vinginevyo, na katika baadhi ya miji ya zamani ilimwendea kitinda mimba wa kiume. Hiyo ya Kent nitairudia.

Basi baba mwenye watoto sita, aliyeweka karibu utajiri wake wote katika mashamba, alijua kwamba akinyamaza watoto watano watatoka mikono mitupu. Nionavyo mimi, wosia mwingi wa watu wa tabaka la kati wa karne hiyo uliandikwa ili kukwepa jambo hilo. Dawa yao ilikuwa moja: wadhamini, yaani watu wa kuishika mali kwa ajili ya wengine, wapewe mali yote, ya kuhamishika na isiyohamishika, waiuze, wawekeze fedha, kisha wagawe. Shamba halikatiki vipande sita vyenye thamani sawa, lakini fedha hukatika.

Utaratibu wa kuandika uliwekwa na Sheria ya Wosia ya mwaka 1837, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1838. Wosia uwe wa maandishi, utiwe sahihi mwishoni, na mashahidi wawili wawepo pamoja wakati sahihi inapotiwa au kukiriwa. Shahidi hawezi kupokea chochote, wala mume au mke wake. Hati inabaki halali lakini zawadi yake inakufa. Neno "mwishoni" lilishikiliwa kwa ukali kiasi kwamba wosia kadhaa zilikataliwa kwa sababu sahihi ilikuwa imeteleza mbali kidogo na mstari wa mwisho, mpaka Bunge likalazimika kutunga sheria nyingine mwaka 1852 kulegeza jambo hilo. Kwangu mimi badiliko kubwa zaidi la mwaka 1837 ni kwamba wosia ulianza kusomwa kana kwamba umeandikwa dakika chache kabla ya kifo. Kabla ya hapo, ardhi iliyonunuliwa baada ya wosia kuandikwa haikuingia ndani yake, ikamwangukia mwana mkubwa hata kama baba alitamka kwamba anagawa ardhi yake yote.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita, nalo ni deni. Tuseme baba ameweka shamba rehani kwa pauni 2,000, akafa, shamba likaenda kwa mwana mkubwa na fedha zikaenda kwa wadogo. Nani analipa rehani? Mpaka mwaka 1854 jibu lilikuwa kwamba deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali inayohamishika, kwa hiyo wadogo walitumia fungu lao kumkomboa kaka yao, naye akabaki na shamba lisilo na doa. Sheria ya mwaka huo iligeuza mambo: ardhi ibebe deni lake yenyewe, isipokuwa kama mwenye wosia ameonyesha nia tofauti. Mabishano juu ya hiyo "nia tofauti" yakawa mengi, ikatungwa nyongeza mwaka 1867. Ukisoma wosia wa kabla na wa baada ya 1854 wenye maneno yanayofanana neno kwa neno, ujue kwamba mgawanyo wake unaweza kuwa tofauti kwa maelfu ya pauni.

Mfano ninaoupenda kufundishia ni wosia wa mtunzi wa riwaya Charles Dickens, ulioandikwa tarehe 12 Mei 1869, mwaka mmoja kabla ya kifo chake cha tarehe 9 Juni 1870. Nimeuchagua kwa sababu kila moja ya maswali yale matatu linajibiwa ndani yake kwa namna ya wazi, na kwa sababu familia yenyewe ilikuwa imepasuka: Dickens na mkewe Catherine walikuwa wametengana tangu mwaka 1858, na aliyebaki kuendesha nyumba alikuwa shemeji yake, Georgina Hogarth, mdogo wake Catherine.

Tazama namba moja inayotokea mara mbili. Georgina anapewa pauni 8,000. Kwa ajili ya Catherine zinatengwa pia pauni 8,000. Mtu mwenye haraka atasema mke na shemeji wamepewa sawa. Lakini fedha za Georgina ni zake, aweza kuzitumia zote kesho yake, ilhali zile nyingine hazimfikii Catherine kabisa: zinakabidhiwa kwa wanawe wawili, Charles na Henry, waziwekeze na kumpa mama yao mapato ya kila mwaka maadamu yu hai, kisha zirudi kwa watoto. Hati za deni la serikali za wakati huo zililipa asilimia 3, na kwa kiwango hicho pauni 8,000 huzaa 240 kwa mwaka, wakati Dickens mwenyewe anaeleza katika wosia huo huo kwamba mkewe alikuwa akipokea kwake pauni 600 kila mwaka. Mmoja alipewa mti, mwingine akapewa matunda, na matunda yenyewe machache.

Kisha yupo Mary, binti ambaye hakuwa ameolewa. Yeye anapata pauni 1,000 taslimu na posho ya pauni 300 kwa mwaka, maadamu hajaolewa. Akiolewa posho inakoma, na hapo, na hapo tu, ndipo anapoingia katika mgawanyo wa salio, yaani mali inayobaki baada ya zawadi zilizotajwa, pamoja na ndugu zake. Masharti ya ndoa yalikuwa ya kawaida sana katika hati hizi, kwa wajane hasa, na hayakuishia Uingereza. Sheria ya Urithi ya Kenya, ilivyotungwa mwaka 1972, ilimpa mjane mwenye watoto haki ya kufaidi salio la mali ya mume asiyeacha wosia kwa maisha yake, ila ikasema haki hiyo ikome akiolewa tena. Haikusema hivyo kwa mume aliyefiwa. Aliyesoma hati za Kiingereza za miaka 100 kabla ya hapo anaitambua sauti hiyo mara moja.

Wafanyakazi wa nyumbani waliomtumikia kwa mwaka mmoja au zaidi kila mmoja aliachiwa pauni 19 na shilingi 19. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na wanafunzi wangu huuliza kwa nini hakukamilisha pauni 20. Kodi ya urithi ilianzia kwenye zawadi ya pauni 20, na kwa mtu asiye na damu na marehemu ilikuwa asilimia 10. Aliyeachiwa pauni 20 kamili angeondoka na 18. Aliyepungukiwa shilingi moja aliondoka na zote. Kodi hiyo hiyo inaeleza kwa nini zawadi ya Georgina imeandikwa kuwa haina kodi. Shemeji si damu, kwa hiyo serikali ilidai asilimia 10 ya pauni 8,000, yaani 800, na maneno yale hayakuifuta kodi bali yaliihamisha, ikalipwa kutoka katika salio. Walioilipa kwa kweli ni watoto wa Dickens, maana salio lilikuwa lao.

Salio ndilo moyo wa wosia wa namna hii. Georgina na rafiki yake Dickens, John Forster, waliteuliwa kuwa wasii, yaani wasimamizi wa wosia, na kupewa mamlaka ya kuuza kila kilichobaki, hakimiliki zikiwemo, ama mara moja ama pale watakapoona panafaa, na mapato yagawanywe sawa kwa watoto. Watoto wanane walikuwa hai. Mary akiwa nje kwa sababu ya posho yake, walibaki saba, akiwemo Kate, binti aliyeolewa, ambaye fungu lake lilikuwa sawa na la kaka zake.

Neno "watoto" nalo linahitaji tahadhari. Kama mtoto aliyetajwa kwa jina alimtangulia baba yake kaburini naye akaacha watoto, sheria ya 1837 ilizuia zawadi yake isipotee, lakini kwa njia ya ajabu: ilichukuliwa kana kwamba amekufa mara tu baada ya baba. Kwa hiyo zawadi haikuwaendea wajukuu moja kwa moja, bali iliingia katika mali ya marehemu mtoto, ambako wadai wake walikuwa wa kwanza mlangoni. Na kama baba aliandika tu "kwa watoto wangu wote", bila majina, ulinzi huo haukuwepo kabisa, na waliohai waligawana. Ndiyo maana wanasheria waangalifu waliongeza kifungu kinachosema kwamba wajukuu wachukue, kwa pamoja, fungu ambalo mzazi wao angelipata, si kila mmoja kwa kichwa chake. Kikikosekana kifungu hicho, huwa nahesabu tarehe za vifo kwanza kabla ya kuhesabu pauni.

Nilisema nitairudia Kent. Nyumba ya Dickens, Gad's Hill Place, ilikuwa katika jimbo hilo. Kama angekufa bila wosia, na mila ya Kent ikashika, nyumba ile ingewaendea wana wake sita kwa usawa, na Kate na Mary wasingepata tofali. Kama ingekuwa upande mwingine wa Mto Thames, katika jimbo la Essex, ingekuwa ya Charles, mwana mkubwa, peke yake. Wosia haukufuata njia yoyote kati ya hizo. Wasii waliipiga mnada mwaka ule ule wa 1870, na aliyeinunua ni Charles huyo huyo, kwa fedha ambazo ziliingia katika salio ili agawiwe yeye na ndugu zake.